Kumwachisha Mgonjwa Mashine ya Kupumulia: Mambo ya Kujua Ndugu wa Mgonjwa



Mgonjwa mahututi anapopewa rufaa kutoka nyanda hizi za juu za Kasulu na Kibondo kwenda hospitali kubwa, kama Bugando jijini Mwanza, ndugu zake husafiri na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba anayewekewa mashine ya kupumulia haponi. Ya pili ni kwamba anayetolewa mashine amekatiwa tamaa. Tungependa kuzijibu zote mbili.

Mashine hiyo haitibu ugonjwa. Hubeba kazi ya kupumua wakati dawa zikipambana na nimonia, malaria kali au athari za ajali. Lakini ikikaa muda mrefu, misuli ya kupumulia hulegea, na hatari ya maambukizi ya mapafu huongezeka. Ndiyo maana wataalamu hupima kila siku iwapo mgonjwa yuko tayari kuiacha.

Kama mtoto anavyoachishwa ziwa, mgonjwa huachishwa mashine kwa hatua. Dawa za usingizi hupunguzwa ili azinduke. Madaktari huangalia kama chanzo cha tatizo kimepungua, kama shinikizo la damu limetulia na kama ana nguvu ya kukohoa. Kisha huachwa apumue mwenyewe, kwa msaada mdogo tu, kwa muda wa nusu saa hadi saa mbili, huku akiangaliwa kwa karibu. Akichoka, msaada hurejeshwa na jaribio hurudiwa baadaye. Kurejeshewa msaada si dalili kwamba atakufa. Akimudu, mpira hutolewa kooni na huendelea kupewa oksijeni. Wachache hulazimika kuwekewa mpira tena.

Kuachishwa huku ni tofauti na uamuzi wa kusitisha matibabu. Mnayo haki ya kuuliza waziwazi: “Daktari, anatolewa mashine kwa sababu sasa anaweza kupumua, au kwa sababu matibabu hayamsaidii tena?” Ombeni mjibiwe kwa lugha mnayoielewa.

Mkiwa wodini, zingatieni haya:

1. Nawani mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.

2. Msichomoe waya wowote ukutani, hata kwa ajili ya kuchaji simu. Kengele ya mashine ikilia, mwiteni muuguzi, msiizime.

3. Zungumzeni naye kwa upole, kwa Kiha au lugha aliyoizoea. Hawezi kujibu kwa sababu mpira umepita katikati ya nyuzi za sauti, lakini huenda anawasikia.

4. Mpira ukishatolewa, msimpe maji wala uji mpaka muuguzi aruhusu. Koo likiwa bado dhaifu, chakula huweza kuingia mapafuni.

5. Sauti kukwaruza kwa siku chache ni jambo la kawaida. Akipumua kwa shida au kwa mlio, mwiteni muuguzi mara moja.

Mashine ya kupumulia ni kifaa tiba, na vifaa tiba viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mkiona hitilafu, mwambieni kwanza mhudumu ili mgonjwa asaidiwe. Kisha tupeni taarifa, nasi tuifuatilie.