Simu Inayomsikiliza Mbu

Jua likizama juu ya majaruba ya mpunga bonde la Kilombero, mbu huanza zamu yao. Hapa Ifakara, chandarua kimeshonewa kijimfuko juu, na ndani yake imo simu ya bei nafuu. Haipigi wala haipigiwi. Inasikiliza.

Ni utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, shirika lisilolenga faida lililoanza kama maabara ndogo mwaka 1956, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Mbu hawapigi mabawa kwa kasi moja, hivyo mvumo wao hutofautiana. Simu hurekodi, kisha kompyuta hufundishwa kumtambua Anofelesi, mwenezaji wa malaria. Mojawapo ya njia za siku nyingi za kuchunguza mbu humtaka mtu akeshe miguu wazi, akiwanasa mbu wanaotua juu yake. Simu hiyo ni nafuu iliyoje!

Tangu 1996 taasisi hiyo pia hufuatilia vizazi, vifo na uhamaji, kaya kwa kaya, Kilombero na Ulanga. Makaratasi ya mwanzo yamepisha vifaa vya kielektroniki.

Msikilizaji, mdodosaji akibisha hodi, mkaribishe, kisha muulize taarifa zako zitatumikaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki hiyo.