Mji na Sekta ni Jirani: Wapatane Kabla Mpaka Haujahama
Maneno kwa wafanyakazi wa migodi na wakaaji wa Kolwezi



Tunataka kusema nanyi juu ya jambo moja, nalo ni mpaka. Mji wetu unapanuka. Tangu mwaka 2015, jimbo la Katanga lilipogawanywa mara nne na Kolwezi kufanywa makao makuu ya Jimbo la Lualaba, watu wanakuja kila siku kutafuta kazi na mahali pa kulala. Nyumba zinaota palipokuwa mashamba ya mihogo. Upande wa pili wa mpaka wa mji ni Sekta ya Luilu, iliyo katika teritware ya Mutshatsha. Mji ukitaka ardhi ya jirani, utaipata kwa njia gani? Kwa kupatana, au kwa kuamka asubuhi na kukuta jiwe la mpaka limesogezwa?

Sisi tunasema: wapatane kwanza, mpaka uhame baadaye. Tutaeleza kwa nini.

Wazee wanakumbuka jinsi miji yetu ilivyopangwa zamani. Mji wa Wazungu ulikuwa peke yake. Watu weusi waliwekwa kando, katika mitaa iliyotawaliwa kwa amri ya mwaka 1931 juu ya wenyeji walioishi nje ya utawala wa kimila. Tena zilikuwapo kambi za Union Minière. Mtu wa kambi alikuwa mtu wa kampani: nyumba ya kampani, posho ya kampani, hospitali ya kampani, shule ya kampani. Ndipo mwaka 1957 ikatoka sheria ya miji, na wakaaji wa Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Lubumbashi na Likasi, wakapiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua washauri wa komini zao. Lakini mtu wa kijijini, aliyeishi ng'ambo ya jiwe la mpaka, hakuhesabiwa katika mambo ya mji hata kama mji ulikula mihogo yake kila siku.

Mwaka 1967 kampani ikawa mali ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kambi zikaendelea kutunzwa na kampani. Halafu nguvu za kampani zikaisha. Katika mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mzigo wa barabara, maji na shule ukaanza kuwaangukia wakaaji wenyewe na mji ambao haukuwa umejiandaa. Mji ulipokea watu bila kupokea mfuko wa kuwatunza. Hilo ni fundisho la kwanza: eneo likihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila hesabu kufanywa kabla, raia ndiye anayelipa.

Sasa tuhesabu. Sheria ya migodi iliyotengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018 inasema kampani italipa ushuru wa madini, na ushuru huo hugawanywa hivi: katika kila franka 100, franka 50 zinakwenda kwa Serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au utawala wa kimila ambako mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilitangazwa mwaka huohuo kuwa madini ya pekee, ushuru wake ukapanda kufika asilimia 10. Basi kobalti ya thamani ya franka 1,000 inatoa ushuru wa franka 100, na 15 kati ya hizo ni za mahali pale shimo lilipo.

Mnaona jambo linapofikia? Jiwe la mpaka likisogezwa hata kilometa chache na kuupita mgodi, franka 15 zinahama pamoja nalo. Mtu anayetuambia kwamba mpaka ni kazi ya wapimaji tu, ama hajui hesabu, ama anaijua sana.

Wako wanaosema: "Sekta haina mainjinia, haina maofisi. Mji unao watu waliosoma. Mji uchukue ardhi, utaleta maendeleo." Tunawajibu kwa upole. Kuwa ndani ya mji hakumlindi mtu peke yake. Kasulo ni mtaa wa mji, si kijiji cha porini. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba zake, watu wakachimba hata ndani ya viwanja vyao, na mwaka 2017 sehemu ya wakaaji waliondolewa ili mahali pao pafanywe mgodi. Ikiwa raia wa mjini anaweza kuhamishwa, je, mwenye shamba wa kijijini, ambaye haki yake ya ardhi ni neno la sultani na mababu wala si karatasi, atasimama wapi siku shamba lake litakapoitwa kiwanja cha mji? Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali. Asiye na karatasi anahitaji mapatano zaidi kuliko mwingine yeyote.

Wako na wengine upande wa vijijini wanaosema: "Mji usituguse kabisa. Madini ni ya mababu zetu." Nao tunawajibu kwa upole uleule. Mama mjamzito wa kijijini anapopata shida usiku, anakimbizwa wapi kama si mjini? Mihogo na makala inauzwa soko gani? Mto unaobeba uchafu wa viwanda hausimami kwenye jiwe la mpaka kuonyesha hati. Nyaya za umeme kutoka Nzilo na Nseke, mabwawa yaliyojengwa katika miaka ya 1950, zinapita juu ya vijiji vyenye giza kwenda kuwasha mashine. Hakuna mji bila vijiji, wala kijiji hakiwezi kujifungia kama ndani ya boma.

Liko na jambo la kura. Tarehe 20 Desemba 2023 komini za miji iliyo makao makuu ya majimbo zilipiga kura kuchagua washauri wa komini. Dilala na Manika zilipiga kura hiyo. Sekta hazikuipiga. Kwa hiyo katika mazungumzo ya mpaka upande mmoja unaweza kuja na watu waliochaguliwa na raia, na upande wa pili ukaja bila wao. Hiyo si haki. Mtu asiyechaguliwa anaweza kutia sahihi mchana na kuhamishiwa kwingine kesho, na raia hatajua wa kumwuliza.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo manne, nayo si makubwa.

Kwanza, mji na sekta watengeneze halmashauri moja ya mpaka. Ndani yake wakae washauri wa komini, masultani, wakubwa wa mitaa, wafanyakazi, wanawake wa soko na wenye mashamba. Watembee mpaka kwa miguu kabla mpimaji hajafungua ramani yake.

Pili, kama eneo lenye mgodi litaingia mjini, yaandikwe mapatano kwamba fungu la ushuru wa eneo lile litatumika kwanza palepale: kisima, shule, zahanati, barabara. Mji usichukue shimo na kuacha vumbi.

Tatu, asiondolewe mtu kabla hajaonyeshwa mahali pake papya, penye maji na shule, na kabla malipo yake hayajaandikwa kwa lugha anayoisoma au kusomewa mbele ya mashahidi wake. Neno la mdomo la mkubwa si malipo.

Nne, fedha zote za ushuru, za komini na za sekta, zibandikwe ukutani kila baada ya miezi mitatu: zilizoingia, zilizotoka, na kazi iliyofanywa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo hivyo asilimia 0.3 ya mauzo ambayo sheria inaitaka kila kampani itoe kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Mwulizeni mkubwa wenu wa mtaa: imeingia kiasi gani? Asipojua, mwendeeni pamoja kwa mkubwa wake.

Ndugu wafanyakazi, msiseme jambo hili ni la watu wa vijijini. Wengi wenu mnalala mjini na kuchimba ng'ambo ya mpaka. Baba zenu wana mashamba huko. Mkistaafu, wengi mtarudi huko. Mkikubali leo jirani anyang'anywe, mnatayarisha siku ambayo mtanyang'anywa ninyi, maana mkono uliozoea kuchukua hauchagui.

Nanyi wa vijijini, msikatae kuja mezani. Asiyekuja mezani hukatiwa nyama ya mfupa. Njoni na majina ya mito yenu, ya mashamba yenu na ya makaburi ya wazee wenu, yaandikwe kwenye ramani kabla ya majina ya kampani.

Hatukuomba uhuru ili tubadilishe jina la anayesogeza mawe ya mpaka. Tuliuomba ili mawe yale yasisogezwe tena bila sisi. Tukutane katika mitaa na vijiji, tuyasome mambo haya manne, tuyazungumze, na kila mkutano uandike neno lake.

Umoja, kazi, na hesabu iliyo wazi.