Mchemraba wa Vipande Saba



Mchezo huu ulio mezani tumeuchonga kwa mabaki ya mbao ya maseremala wa Gitega, Kigali. Aliyeubuni ni Piet Hein wa Denmark, mwaka 1933, akauita Soma. Vipande sita vimeungwa kwa vichemraba vinne vinne, cha saba kwa vitatu: jumla 27, yaani 3 mara 3 mara 3. Njia za kuukamilisha ni 240.

Kazi ngumu ni msumeno. Kila kichemraba kikizidi milimita 1 tu, vitatu vikipangwa vinazidi 3, na vipande havikai. Watoto walipima upya bila kuamriwa. Hilo darasani hatulipati kila siku!

Nje tumepaka pembetatu nyeusi na nyeupe, kama za imigongo ya Nyakarambi, ile ya samadi na majivu. Mchoro hautokei mpaka kila kipande kikae mahali pake, basi hata watu wazima wanakwama.

Ndugu wa mashirika, mbao za masanduku yenu huishia jikoni, wala hatumlaumu mtu, kuni ni haba. Tunaomba masanduku mawili kila muhula, na msumeno mmoja wa meno madogo.