Aingiaye Katika Tiba ya Ulevi Atarajie Nini?



Mada ya mazungumzo haya ni jambo ambalo kila mtu analijua, lakini wachache hulisema hadharani. Ni nadra kuikuta shule au ofisi ambayo haijapata kuwa na mfanyakazi aliyetekwa na ulevi. Husemwa kwa kunong'ona kwamba fulani ameharibika, au kwamba amepotea. Ni mara chache sana kusikia kwamba fulani ni mgonjwa na amekwenda kutibiwa. Sababu moja ya hali hiyo ni aibu. Sababu ya pili ni kutojua. Watu wengi hawaelewi mtu afanyiwa nini akishapita mlango wa tiba, na jambo lisilojulikana huogopwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Katika miteremko ya Mlima Meru pombe si jambo la jana. Tangu zamani ndizi zimepikwa na kuchachushwa, na pombe yake imenywewa kwenye harusi, kwenye mavuno na kwenye vikao vya kupatanisha waliogombana. Pombe hiyo ilikuwa na siku zake na wazee wake. Kilichobadilika ni kwamba kinywaji kimeacha sherehe kikaingia katika siku za kazi. Gongo hunywewa alfajiri. Pombe kali za viroba ziliuzwa kila kibanda kwa bei ya mtoto wa shule, mpaka Serikali ilipozipiga marufuku Machi 1, 2017. Bhangi imelimwa katika vijiji vya juu vya Arumeru, mirungi huvushwa kwa siri kutoka upande wa Kenya, na heroini, ambayo vijana huiita unga, imekwisha kuingia katika miji mikubwa ya nchi.

Sheria hazikukosekana. Utengenezaji wa gongo ulidhibitiwa kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilipitishwa mwaka 2015. Hata hivyo, ni lazima ieleweke kwamba sheria hukamata mtungi na gunia. Haiwezi kuutuliza mwili uliokwisha kuzoea sumu. Hiyo ni kazi ya tiba.

Chukueni mfano wa mwalimu mmoja, asiye na jina kwa kuwa aweza kuwa yeyote. Anafundisha darasa la sita katika shule iliyo juu ya Usa River. Asubuhi mikono yake hutetemeka hata chaki haikai vidoleni, na hivyo hupitia kwanza nyumba ya jirani kunywa glasi moja ya gongo ili mkono utulie. Wenzake wanajua. Humwandikia jina katika daftari la mahudhurio, humfundishia vipindi vyake, na mkaguzi akija humwambia kwamba mwalimu ana malaria. Wanadhani wanamsaidia. Kwa hakika wanaurefusha ugonjwa, na wanaolipa gharama ni watoto arobaini waliokaa darasani bila mwalimu.

Siku moja mkewe asema yatosha. Ndugu wanakutana, na shauri la kwanza linalotolewa ni kumfungia chumbani siku tatu bila tone la pombe. Shauri hilo hutolewa kwa nia njema, lakini ni la hatari. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi hawezi kukatishwa ghafula bila uangalizi. Katika saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika na kukosa usingizi. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huchanganyikiwa kabisa, wakaona wadudu ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwapo, huku mwili ukiwaka moto na moyo ukienda mbio. Hapo majirani husema amerogwa au ameingiwa na pepo, akapelekwa kwa mganga badala ya hospitali, na wengine hufia njiani. Hilo si pepo. Ni ubongo uliozoea kutulizwa na pombe, ambao sasa umenyimwa kitulizo chake kwa ghafula. Kwa hiyo basi, hatua ya kwanza ni kumpeleka mgonjwa hospitali kabla ya kumkatisha pombe.

Huko atarajie nini? Kwanza atarajie maswali. Ataulizwa anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Ataulizwa kama amewahi kupata degedege, kama hutumia kitu kingine pamoja na pombe, na kama amewahi kufikiria kujiua. Maswali haya si ya polisi. Mganga hupima kipimo cha dawa kwa majibu anayopewa, na anayetaja chupa moja badala ya nne humfanya mganga apime vibaya. Anayoyasema humo ni siri ya mgonjwa na haiendi kwa mwalimu mkuu.

Pili, atarajie kupimwa mwili mzima. Ulevi wa muda mrefu huja na wenziwe: ini lililochoka, kifua kikuu, utapiamlo na majeraha ya kuanguka. Kwa wanaojidunga sindano huja pia virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kupimwa huko si adhabu, kwa kuwa magonjwa mengi kati ya hayo yana dawa.

Tatu, atarajie siku chache ngumu, lakini zenye msaada. Mwenye hatari ya degedege hupewa dawa ya kutuliza, aghalabu diazepamu, ambayo hupunguzwa siku hata siku mpaka ikaachwa. Hupewa pia vitamini B1. Mnywaji mkubwa hula kidogo, na upungufu wa vitamini hiyo huweza kumwondolea kumbukumbu na hata kumfanya ashindwe kutembea sawasawa. Kwa wengi tufani ya mwili hutulia katika muda wa juma moja.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa mara ya pili. Mgonjwa ametulia, anakula, anacheka na watoto, na watu wanasema amepona. Hajapona. Kuiondoa pombe mwilini ni sawa na kung'oa magugu juu ya ardhi na kuiacha mizizi. Kwa majuma mengi, pengine miezi, usingizi wake utakuwa wa mang'amung'amu, hasira zitakuwa karibu, na kila apitapo penye kilabu kiu itamwita kwa jina. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya tiba ni mazungumzo: na mshauri, na familia, na kundi la wengine walio katika njia hiyo hiyo. Humo hujifunza kutambua saa zake za hatari. Kwa mwalimu huyu ni tarehe ya mshahara, siku ya gulio la Tengeru, na jioni anapokuwa peke yake. Kila saa ya hatari hupangiwa shughuli nyingine na mtu wa kumwendea.

Kwa wanaotumia heroini njia ina tofauti yake. Maumivu ya kukatisha, ambayo wenyewe huyaita arosto, huanza kabla ya siku moja kwisha na huwa makali zaidi siku ya pili na ya tatu: mifupa kuuma, kuhara, baridi na jasho kwa pamoja. Kwao ipo dawa ya methadoni. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar ikaanza mwaka 2015, kisha huduma ikaenea hatua kwa hatua hata Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Ni dawa ya kunywa. Kwa kawaida mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kila siku, pasipo kuruka Jumapili wala sikukuu. Huanzishwa kwa kipimo kidogo, kikapandishwa polepole kwa majuma mpaka arosto ikome na hamu itulie. Wapo wasemao kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wasemao hivyo wamtazame mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa kila siku akaenda kazini. Mtumiaji wa methadoni aliyefikia kipimo chake hayumbi wala hasinzii, naye hutunza watoto wake. Onyo ni moja: dawa hiyo isichanganywe na pombe wala na dawa za usingizi, kwa maana huweza kuzima pumzi.

Wenye uraibu wa bhangi na mirungi hawana dawa mbadala ya namna hiyo. Tiba yao ni ushauri, mpangilio mpya wa siku, na kutibiwa maradhi ya akili iwapo yapo.

Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambazo watu wengi huziita soba. Aingiaye humo atarajie nidhamu. Ataamka mapema, atafagia na kupika kwa zamu, atahudhuria mikutano, na siku za mwanzo huenda asiruhusiwe simu wala wageni. Nyingi hufuata mafundisho ya hatua kumi na mbili yaliyotokana na chama cha walevi waliojitibu kwa kusaidiana, kilichoanzishwa Akron nchini Marekani mwaka 1935. Lakini familia isilipe ada kabla ya kuuliza. Je, nyumba imesajiliwa? Je, mwenye hatari ya degedege hupelekwa hospitali kwanza? Je, yupo mhudumu wa afya? Je, mtu huingia na kukaa kwa hiari? Nyumba inayofunga watu minyororo au kuwachapa haitibu mtu, hata kama mlangoni imeandikwa maneno mazuri.

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa na jamaa zake watarajie uwezekano wa kurudi nyuma. Wengi huteleza, tena zaidi ya mara moja. Kuteleza si ushahidi kwamba tiba ni bure, kama vile sukari ikipanda kwa mwenye kisukari haifanyi dawa yake kuwa bure. Ni ishara kwamba mpango unahitaji kurekebishwa. Hatari kubwa ni kwa aliyeacha heroini kwa majuma kadhaa kisha akarudia kiasi kile kile cha zamani. Mwili umekwisha kuusahau mzigo huo, naye huweza kufa usiku ule ule. Kwa sababu hiyo mlango wa kurudi katika tiba uachwe wazi, na anayerudi asipokewe kwa matusi.

Ndugu watumishi, sehemu yenu ni ipi? Mwenye mamlaka kazini anaweza kumwita mwenzake faraghani, akamweleza bila kuficha alichokiona, akamwelekeza hospitali na kumsaidia kupata ruhusa ya ugonjwa kwa taratibu zilizopo. Walio sawa naye wakome kumwandikia jina katika daftari. Afadhali vipindi vyake vifundishwe na mwingine kwa miezi miwili huku yeye akitibiwa, kuliko vikosekane kwa miaka kumi huku yeye akifichwa. Na siku atakaporudi asikaribishwe kwa glasi ya kumpongeza, wala asifanyiwe mzaha katika chumba cha walimu. Apewe ratiba yake na chaki yake.

Historia ya Meru yenyewe ina fundisho. Mwaka 1951 wananchi waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea katika Umoja wa Mataifa. Alisafiri mtu mmoja, lakini nyuma yake kulikuwa na watu waliochanga, waliomtunzia nyumba na waliongoja kurudi kwake. Ardhi haikurudishwa siku ile, wala hakuna aliyesema kwamba safari ilikuwa ya upuuzi.

Mwalimu yule wa Usa River naye ana safari yake. Njia ya kushuka mlimani mpaka hospitalini ni fupi kwa basi, lakini ni ndefu sana kwa mtu anayeikabili peke yake huku mikono ikitetemeka. Asindikizwe. Na darasa la sita liambiwe kweli, kwamba mwalimu wao anaumwa, amekwenda kutibiwa, na anatarajiwa kurudi.