Picha ya Kogo kwa Kamera ya Boksi

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kericho na Bomet)



Tuanze na jambo lililotuuma. Tulimzika mama mmoja, mwanakikundi mwenzetu, aliyechuma majani chai zaidi ya miaka 30. Juu ya jeneza iliwekwa picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka uso ukawa kama ukungu. Mjukuu akauliza, "Huyu ni kogo kweli?" Mtasema, siku hizi simu ziko. Ndiyo, lakini simu ikianguka mtoni au ikiuzwa, picha huenda nayo. Nao wageni hutupiga picha shambani, wakaondoka nazo.

Basi tukajaribu kamera ya kujitengenezea.

Inafanyaje kazi?

Nyote mmeona bati lenye tundu la msumari. Jua hupita na kuchora duara kwenye sakafu ya jikoni. Lile duara ni picha ya jua lenyewe! Tundu dogo huchora kilicho nje, ila kichwa chini, miguu juu.

Vifaa

1. Boksi la kadi ngumu, kina cha sentimita 6, ndani lipakwe masizi. Mwanga usiingie popote.
2. Kipande cha mkebe wa soda, kitobolewe kwa ncha tu ya sindano nyembamba.
3. Utepe mweusi wa kufunika tundu.
4. Filamu ya papo hapo. Sisi tulitumia Instax Mini, karatasi 10 kwa pakiti.
5. Kamera ya filamu hiyo hiyo, hata kama jicho limeharibika, mradi roli zake zinazunguka.

Hatua

Usiku, katika chumba chenye giza kabisa, bila tochi, toa karatasi moja uiweke ndani ya boksi. Upande ulioelekea dirisha la pakiti ndio uangalie tundu. Funga.

Asubuhi, kabla ya mvua yetu ya alasiri, mketishe mzee barazani kivulini. Jua kali halifai, maana filamu huungua kabla mkono haujafunika. Weka boksi juu ya stuli, fungua tundu, hesabu mbili hadi nne, funika. Mzee atulie.

Rudi gizani. Irudishe karatasi kwenye pakiti, pakiti kwenye kamera, ziba jicho, bonyeza. Roli ndizo zinazopasua mfuko wa dawa na kuisambaza. Tulijaribu kusukuma kwa chupa. Picha ilitoka na mistari. Asubuhi ya baridi, iweke picha mfukoni karibu na mwili. Dawa hiyo inachoma ngozi: msikate karatasi, na watoto wasichezee.

Tusidanganyane

Filamu ni ghali, na zetu za kwanza tatu zilitoka nyeusi. Kama kamera yenu ni nzima, itumieni hiyo hiyo. Kwetu boksi lilisaidia kwa sababu kamera tuliyopewa ilikuwa mbovu, na vijana wakajifunza mwanga kwa mikono yao.

Ya nne ilitoka. Uso una kivuli, lakini ni yeye, na kikapu chake mgongoni. Hakuipeleka kwa mtu mwingine. Aliifunga ndani ya kitabu chake cha sala.

Swali la kujadili kikundini: Ni wazee wangapi kwetu hawana picha hata moja ya karatasi? Andikeni majina, mkianza na mkubwa kuliko wote. Msingoje matanga.