Uvimbe wa Mfuko kwa Watu na Wanyama: Tujue Unatoka Wapi

(Hotuba ya mhamasishaji wa afya mbele ya wakazi wa kambi, Muyinga, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya uvimbe wa mfuko, kwa kuwa umeleta maneno mengi kati ya majirani. Wengine wanasema ni kurogwa.

Uvimbe huu, ambao madaktari wanauita kisti, ni kifuko chenye ngozi yake, na ndani mna maji au uji mzito. Si jipu, maana jipu lina usaha, joto na maumivu. Mara nyingi si saratani pia. Hata hivyo, uvimbe unaokua upesi, au ulio mgumu na hausogei, upelekwe kituo cha afya. Usipasuliwe kwa wembe nyumbani.

Namna zake ni nyingi. Kuna vifuko vya chini ya ngozi, kichwani au mgongoni, ambavyo kwa kawaida havina hatari. Kuna vya kwenye ovari za mwanamke: vingi huondoka vyenyewe, lakini vingine hukua na kuuma, basi mama asione haya kwenda kupimwa. Tena kuna vinavyoletwa na minyoo aina ya tegu, na hivi ndivyo vinavyotuunganisha sisi na mifugo.

Kondoo au mbuzi anayezungukazunguka mahali pamoja huenda ana kifuko ubongoni, kilichotokana na mayai ya tegu wa mbwa. Tegu mwingine wa mbwa humpa binadamu kifuko kikubwa kwenye ini au mapafu. Ndugu zetu wafugaji wa Turkana, huko Kenya, wameteswa nacho sana. Kwa hiyo ini au pafu lenye vifuko lizikwe ndani sana au lichomwe moto. Mbwa asipewe.

Sasa nguruwe. Huku Muyinga, na hata Gitega, wenyeji wetu wanafuga nguruwe. Mnunuzi mzoefu humfungua mdomo kwanza, atazame kama chini ya ulimi mna vijifuko kama punje za mchele. Anayekula nyama yenye vijifuko bila kuiva vizuri hupata tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai, na mayai hutoka na choo cha mtu. Nguruwe akila choo hicho, vijifuko huota katika nyama yake. Na mtu akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu, mboga au maji, vijifuko huota ndani ya mtu: katika nyama, machoni, hata ubongoni. Vya ubongoni huweza kuleta kifafa.

Niliwahi kumsindikiza kijana wa kambini mpaka Gitega. Alikuwa anaanguka. Nyumbani sahani yake ilitengwa, na siku alipoangukia motoni watu waliogopa kumshika. Daktari alimpapasa mikono akakuta vinundu vidogo chini ya ngozi, akasema ni tegu wa nguruwe. Mama yake akalia: "Sisi hatujala nguruwe tangu kuzaliwa!" Alisema kweli. Mwanawe hakuhitaji kula nguruwe. Ilitosha kumeza mayai yaliyotoka katika choo cha mtu mwingine.

Jambo hili si la kubahatisha. Uchunguzi uliofanywa Kiremba, katika Ngozi jirani yetu, na kuchapishwa mwaka 2003, ulikuta dalili za vijifuko hivi katika damu ya zaidi ya nusu ya wenye kifafa waliopimwa. Kwa wasio na kifafa ilikuwa kama theluthi moja.

Kwa hiyo asiseme Mwislamu, wala Msabato, kwamba hayamhusu. Choo kikijaa na watoto wakaenda vichakani, sote tumo hatarini. Ndugu wa mashirika, tunapoomba vyoo na sabuni tunaomba pia kinga ya kifafa. Nasi tuna wajibu wetu: tutumie choo, tunawe mikono, tuoshe mboga kwa maji safi, tufunge nguruwe zizini, na nyama tuipike mpaka iive kabisa. Mwenye tegu atibiwe kituoni, asijinunulie dawa sokoni, maana kama ana vijifuko ubongoni dawa hiyo huweza kumdhuru.

Mwisho, kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa sahani. Mtu akianguka, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Anayemeza dawa za kifafa asiziache bila daktari kumwambia. Na jioni akae na wenzake, ale nao sahani moja.