Moyo Uliotengenezwa na Cheti Chake: Hotuba ya Karani katika Mkutano wa Mwaka



 Twataka kunena juu ya watoto wetu waliopasuliwa moyo, na juu ya karatasi zao.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 2012 Chama kilichanga fedha kwa ajili ya binti mmoja wa hapa kwetu, aliyekuwa na umri wa miaka 14. Wengine walitoa bonasi ya chai, wengine kuku, na mjane mmoja akaleta debe la mahindi. Binti akapasuliwa, akarudi, akapanda kilima cha shuleni pamoja na wenzake. Ofisi yetu ikaandika katika ripoti ya mwaka ule: "Amepona." Kisha ikafunga faili. Neno lile lilikuwa kosa, nasi twaungama mbele yenu.

Moyo una milango minne, nayo huitwa vali. Kazi yake ni kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi nyuma. Katika nchi zetu vali za vijana wengi huharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mtoto huumwa koo kwa vijidudu, asitibiwe ipasavyo. Baada ya majuma machache hupata homa na viungo vikavimba. Nguvu za mwili zilizopigana na vijidudu huushambulia moyo wenyewe. Koo hupona, lakini vali hubaki na kovu.

Daktari mpasuaji ana njia mbili. Aweza kuishona vali iliyoharibika na kuitia pete ya kuikaza, au aweza kuiondoa na kuweka nyingine. Ile ya chuma hudumu sana, lakini mwenyewe hana budi kumeza kila siku, maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande, na kupimwa damu mara kwa mara. Ile iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au ya nguruwe kwa kawaida haimfungi mtu kwa dawa hiyo maisha yote. Lakini huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana hata mapema zaidi. Basi mtoto aliyewekewa vali ya namna hii amepewa miaka, wala hakupewa mwisho wa safari.

Zamani vali ikichakaa, njia ilikuwa moja tu: kufungua kifua mara ya pili. Kazi hiyo ina hatari kupita ile ya kwanza, kwa kuwa makovu huugandisha moyo na mfupa wa kifua. Mwaka 2000, mjini Paris, mvulana wa miaka 12 aliyekwisha kupasuliwa zamani aliwekewa vali mpya bila kufunguliwa kifua. Vali ile ilitoka katika mshipa wa shingo wa ng'ombe, ikashonwa ndani ya wavu wa waya, ikapitishwa mshipani mpaka moyoni. Mwaka 2002, katika mji wa Rouen, Ufaransa, Daktari Alain Cribier aliweka kwa njia ya mshipa vali ya mlango mkuu wa kutokea damu, kwa mtu mzima.

Tangu hapo kazi hii imeendelea. Vali mpya hukunjwa, hupakiwa juu ya mrija mwembamba uitwao katheta, huingizwa mara nyingi kwa mshipa wa kinena, nayo hufunguka ndani ya ile ya zamani iliyochakaa. Ya zamani haitolewi. Hubaki kama fremu ya mlango, na mpya hushikwa nayo.

Lakini tusidanganyane. Si kila mgonjwa afaaye. Vali ya chuma haiwezi kupokea nyingine ndani yake. Gharama ni kubwa mno, na katika Afrika ya Mashariki kazi hii haijaenea. Zaidi ya hayo, madaktari wataka kujua vali ya kwanza ilikuwa ya namna gani na ya kipimo gani, maana fremu isiyojulikana upana wake haiundiwi mlango.

Hapo ndipo tulipoaibika. Mwaka 2024 binti yule, sasa mama wa mtoto mmoja, alikuja ofisini akitweta. Hawezi tena kuchuma chai hata nusu ya mstari. Hospitali ikauliza: vali gani, kipimo gani, tarehe gani? Cheti chake kilikuwa kimelowa mvua kikaoza. Tukafungua faili yetu, tukakuta risiti za nauli na orodha ya waliochanga, basi. Majuma matatu yalipita kabla ya kumbukumbu kupatikana kule alikopasuliwa, na katika majuma hayo alilala ameketi, kwa kukosa pumzi. Mpaka leo madaktari wanapima njia ipi imfae.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, ofisi ifungue daftari la kila mtu wetu aliyepasuliwa moyo, pamoja na nakala ya cheti chake. Pili, itengwe nauli ya kila mwaka, ili kila mmoja wao arudi kliniki kupimwa, iwe Kisii, au kwa jirani zetu wa Bomet katika hospitali ya Tenwek, au Nairobi. Wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi wasikose sindano yao ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne, kama daktari alivyoagiza. Tatu, mzazi asidharau koo la mtoto. Ampeleke zahanati mapema.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliujua ufa, tukauandika kwamba umezibwa. Mwaka huu, wazee wetu, twaomba ruhusa ya kulifuta neno "Amepona" katika ripoti ile, na kuandika mahali pake: "Yu chini ya uangalizi wetu."